Nilimfumia mama mkwe masweta ya Krismasi kwa siri, na mpaka leo sijatua mzigo

Wakuu, heshima kwenu nyote. Wakubwa shikamooni, rika langu poleni na baridi.

Mimi ni mtu wa kupita kimya kimya humu. Nasoma visa vya watu, nacheka, nalia kidogo, naondoka bila hata kukomenti. Leo naleta cha kwangu. Ni kweli tupu, majina tu ndiyo nimebadilisha, maana Sumbawanga ni ndogo na watu wa Milanzi mpo wengi humu.

Ni uzi unaohusu uzi. Ule wa kufumia. Mwenye kutaka kucheka acheke hapa hapa, mbele huko sidhani kama atapata nafasi.

Twende.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na saba, mama wa watoto wawili wa kike. Roza alikuwa na miaka kumi na moja wakati huo, Tina sita. Mume wangu nitamwita Nolasko. Alikuwa mfanyabiashara wa mpunga. Mimi ni mzaliwa wa Kaoze, kule bondeni, kwenye joto na mbu. Yeye ni mtu wa Mpui, huku juu kwenye upepo. Alikuwa anashuka bondeni kwetu kununua mpunga kwa ndugu zangu, anapandisha kuuza mjini.

Mama yake nitamwita Mama Fortunata. Alikuja kwetu Milanzi baada ya Pasaka kwa ajili ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, la kulia nalo limeanza ukungu. Wakamwambia asubiri, wataalamu wa upasuaji watakuja mjini baadaye mwaka huo huo. Tukasema basi abaki hapa hapa, Mpui atarudi akiwa anaona.

Mwezi wa tano Nolasko akashuka Kaoze. Siku ya nne akanipigia simu asubuhi, sauti imechoka. Akasema kichwa kinamgonga na mwili unatetemeka.

Wakuu, mtu aliyezaliwa bondeni malaria kwake ni kama mafua. Mimi nimeugua malaria mara nyingi kuliko siku zangu za kuzaliwa. Tunameza dawa, tunalala mchana mmoja, kesho yake tuko shambani. Kwa hiyo nikamjibu hivi, na maneno haya nayajua kama Baba Yetu:

"Meza panado, maliza kupakia, kesho uje."

Mama Fortunata alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu, anakunywa uji wa ulezi.

Nolasko akamaliza kupakia kama nilivyomwambia. Kesho yake walimpandisha akiwa hajitambui. Malaria ilikuwa imepanda kichwani. Hakumaliza siku mbili.

Tukamzika Mpui.

(Samahanini, naepua maharage, narudi.)

Nimerudi.

Baada ya arobaini tukarudi mjini, mimi, watoto na Mama Fortunata, kwa sababu ya yale macho. Wifi yangu Gaudensia, dada wa marehemu, ndiye aliyesema mama abaki kwangu mpaka wataalamu waje. Mimi sikupinga. Ningepinga kwa mdomo gani?

Ilikuwa mwezi wa saba. Wale wa Dar mnaovaa jaketi kwenye mvua, njooni Sumbawanga mwezi wa saba. Upepo unaanza asubuhi unapita chini ya mlango kama mtu anayetafuta kitu. Maji ya kunawa yanauma vidole. Jua linatoka lakini ni la kuangalia tu, halina kazi. Tulikuwa tunakaa sebuleni tumezunguka jiko la mkaa, mlango tumeuacha wazi kidogo kwa usalama, kila mtu na shuka lake begani. Hakuna redio. Hakuna anayeongea.

Mama hakunitukana hata siku moja, na hilo ndilo lililokuwa likiniua. Shikamoo yangu aliitikia. Chakula alikula. Nikimuuliza kitu alijibu neno moja. Lakini hakuniangalia, na simu yangu ikilia alinyanyuka akaenda nje kwenye baridi mpaka nimalize kuongea.

Nikajua kabisa. Alinisikia siku ile.

Sasa, Mama alikuwa mfumaji. Alifundishwa na masista akiwa msichana mdogo. Kila mwaka baridi ikianza, anaanza kufuma, na Krismasi kila mjukuu anapata sweta. Wajukuu walikuwa tisa: wawili wangu, wanne wa Gaudensia, watatu wa kaka mkubwa wa Nolasko aliyeko Mpanda. Hakuna mjukuu aliyewahi kukosa. Watoto wa ukoo ule ukiwauliza Krismasi ni nini, hawatakwambia wali, watakwambia sweta la bibi.

Sindano zake zilikuwa spoku za baiskeli alizozinoa kwenye jiwe zamani hizo, zimekuwa laini kwa mikono yake. Uzi hakununua mpya. Alikuwa ananituma mtumbani nimtafutie masweta makubwa ya wazee yaliyochakaa, anayafumua, anaufua uzi, anaukausha kwenye kamba, anauviringisha madonge. Donge la bluu, donge la kijani, donge la rangi ya ugoro.

Alianza kufuma wiki ile ile tuliyorudi. Nilishukuru Mungu. Ile sauti ya spoku kugongana, tik tik tik, ilikuwa ndiyo sauti pekee ndani ya nyumba.

Tatizo ni kwamba alikuwa haoni.

Vitanzi vilikuwa vinamdondoka hajui. Wenye kujua kufuma mnaelewa, kitanzi kimoja kikidondoka kinashuka mstari kwa mstari, kinaacha njia kama ngazi. Siku moja Roza akalishika lile sweta la bluu, akaingiza kidole katikati ya mgongo, akacheka.

"Bibi, hapa pana dirisha!"

Mama akalichukua. Akalipapasa. Akalisogeza kwenye mwanga wa mlangoni, akalisogeza karibu na pua. Kisha akachomeka spoku zote mbili kwenye donge, akaliweka chini ya kiti.

Siku mbili hakuligusa. Alikaa mikono mapajani, uso kwenye jiko, na mkaa ukizimika hakusema umezimika. Chakula akawa anakimega anakirudisha. Nikamwangalia nikaona kabisa kwamba huyu mtu anamfuata mwanawe, tena taratibu, mbele ya macho yangu.

Siku ya tatu alienda misa ya asubuhi na jirani yetu Mama Koleta, aliyekuwa akimshika mkono kila siku. Watoto walikuwa shule. Nikalitoa lile sweta chini ya kiti.

Mimi kufuma nilijifunza shule ya msingi, kwenye somo la stadi za kazi. Sikuwa fundi, lakini mkono haujasahau. Nikafumua mpaka pale kwenye tundu, nikaokota vitanzi, nikafuma upya nikijitahidi kuukaza uzi kama anavyokaza yeye. Nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Hata lile donge niliuelekeza mkia wake upande ule ule.

Akarudi. Akakaa muda mrefu. Halafu nikaona mkono wake unashuka chini ya kiti.

Akapapasa mgongo wote wa lile sweta. Akarudia.

"Mbona hapana dirisha," akasema.

Nikasema, "Labda Roza hakuona vizuri, Mama."

Mkuu unayesoma, naomba uisome tena hiyo sentensi. Ndipo nilipoharibu.

Roza alivyorudi shule akaitwa. Akasemwa na bibi yake kwamba ni mtoto mwongo, anayecheka uzee wa watu, na kwamba baba yake hakuwa na tabia hiyo. Mtoto akaniangalia. Hakulia. Aliniangalia tu, kisha akaangalia sweta, kisha akaniangalia tena. Alikuwa ameshaelewa. Akasema, "Nisamehe, Bibi."

Mtoto wangu akaitwa mwongo nikiwa nimekaa hapo.

Jioni ile Mama alikula sahani nzima.

Basi ikawa ndiyo kazi yangu. Kila asubuhi akienda misa, mimi nakaa mlangoni pa sebule, genge langu la nyanya na dagaa barazani naliangalia kwa jicho moja, natoa sweta, natafuta alipokosea, nafumua, nafuma. Mwanzoni yalikuwa matundu mawili matatu. Mwezi wa nane ukiingia alikuwa anakosea karibu kila mstari. Mkono mmoja anauanza na vitanzi arobaini, ukifika kwenye kiwiko viko ishirini na nane. Kuna sweta la kijani ambalo mgongo wake wote niliufuma mimi kuanzia chini kwenye pindo mpaka mabegani. Yeye alifikiri ni wake.

Na alibadilika, wakuu. Hilo lazima niliseme, maana bila hilo mtaniona nilikuwa na akili mbovu tu. Alianza kuongea. Mama Koleta akija kuazima chumvi alikuwa anaonyeshwa masweta: "Tazama, mzee mimi, jicho moja, na bado." Alimwambia Tina habari za baba yake akiwa mdogo, jinsi alivyovaa sweta kwenda kuchunga akarudi bila sweta kwa sababu kamvisha ndama. Tulicheka. Mimi nilicheka ndani ya nyumba ile kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Siku moja nimemletea maji ya moto ya kunawa, akasema, "Asante, mwanangu."

Mwanangu. Sijawahi kuitwa hivyo naye hata Nolasko akiwa hai. Nilikuwa Mama Roza, basi.

Nikaenda jikoni nikalia. Na moyoni nikasema, ikibidi nitafuma hivi mpaka nife.

Mwezi wa tisa wataalamu wa macho wakaja. Gari la matangazo lilipita Milanzi asubuhi, wenye mtoto wa jicho waende, upasuaji ni bure. Gaudensia akapiga simu kutoka Mpui, akasema safari hii mama asikose. Nikamwandalia kitenge chake kizuri, nikampaka mafuta miguuni, nikamwambia, "Mama, twende."

Akacheka.

"Niende kufanya nini?"

"Macho, Mama. Si ndiyo tuliyokuwa tukisubiri?"

"Yalinisumbua kwa machozi ya msiba. Yameshapona." Akaingiza mkono kwenye mfuko wake, akatoa lile sweta la kijani, akalitandaza mapajani kwake. "Kipofu anafuma hivi? Wewe mwenyewe una macho mawili, niambie. Kipofu anafuma hivi?"

Nilikuwa natazama kazi yangu mwenyewe. Mkono wa kulia nilikuwa nimeumaliza juzi yake.

Nilifungua mdomo. Nakumbuka kabisa niliufungua. Nilijua ni sentensi moja tu. Lakini nikaona jinsi uso wake utakavyoanguka, nikaona ile mikono inarudi kukaa mapajani bila kazi, nikaona sitaitwa mwanangu tena. Nikaona na lile jingine, la simu, kwamba huyu mama tayari anayo sababu moja ya kunichukia na mimi namwongezea ya pili.

Nikasema, "Sawa, Mama."

Gaudensia akapiga simu mchana. "Mmeenda?"

"Amekataa."

"Mama na ukaidi wake! Ungemburuta."

Nikasema nimejaribu.

Wale wataalamu walikaa siku tano. Kila asubuhi niliamka nikisema leo namwambia. Siku ya sita walikuwa wameshaondoka.

Mvua za kwanza zilikuja mwezi wa kumi na moja. Asubuhi ile Mama Koleta alikuwa ameenda kupanda mahindi shambani kwake. Nikamwambia Mama asiende misa, kuna utelezi, au anisubiri nifunge genge nimpeleke.

"Nishikwe mkono hadi lini?" akasema. "Njia naiona."

Akaenda peke yake.

Kuna mtaro karibu na barabara, una ubao wa kuvukia. Mvua ilikuwa imeusogeza ubao. Mtu yeyote mwenye macho angeona. Yeye alikanyaga pale ubao ulipokuwa jana.

Waliniita wapita njia. Nilimkuta amekaa ndani ya maji ya tope, kitenge kimelowa chote, rozari mkononi, halii. Anasema tu, "Nani kautoa ubao? Nani kautoa?"

Nyonga ilikuwa imevunjika.

Hospitali alihudumiwa vizuri, sina neno baya. Daktari mmoja kijana akawa anamuuliza maswali ya kawaida. Akamuuliza, "Bibi, unaona vizuri?"

"Naona."

Akamwashia tochi jicho la kushoto, akapitisha vidole mbele yake. Hakupepesa. Akarudia jicho la kulia. Akavua glovu taratibu.

"Bibi, hili la kushoto lilishafunga siku nyingi. Na hili la kulia unaona mwanga tu. Ulikuwa unatembeaje?"

"Si kweli," Mama akasema, kwa upole kama anamsahihisha mtoto. "Mimi nafuma. Masweta sita tangu baridi, hayana kosa." Akageuza uso kunitafuta nilipo. "Mama Roza, mwambie daktari ninavyofuma."

Daktari akanigeukia.

"Mama Roza, upo?"

"Nipo, Mama."

"Mwambie basi."

Nilianza kulia. Nililia kwa sauti mpaka nesi akaja kuangalia, akidhani mgonjwa kafariki. Na Mama akanisikiliza nikilia. Nikauona uso wake ukielewa, kidogo kidogo, kama mtu anayehesabu kitu kichwani. Mwisho akaugeuzia ukutani.

Siku tatu hakuongea na mimi wala na daktari. Walisema upasuaji wa nyonga kwa umri wake na presha yake ni hatari, apumzishwe. Macho nayo yasubiri. Tukamrudisha Milanzi amelala.

Siku ya kwanza nyumbani akasema, "Lete masweta."

Nikayaleta yote sita, nikayaweka kitandani.

"Nionyeshe ulipogusa."

Nikachukua kidole chake. Nilikishika kama unavyomshika mtoto anayejifunza kuandika. "Hapa. Na hapa. Huu mkono kuanzia kiwiko. Hapa shingoni."

Tukafika kwenye la kijani.

"Hapa?" akauliza.

"Mama, huu mgongo ni wangu wote."

"Wote?"

"Wote."

Akavuta pumzi. "Na mimi ndilo nililomwonyesha Mama Koleta." Halafu akasema, "Fumua."

Nikamwambia Mama, Krismasi imebaki wiki chache, watoto wanasubiri, uzi ni wako, mawazo ni yako, nisamehe tuyaache. Akasema yale masweta ni ya nani basi? Hayakuwa yake, na wala hayakuwa yangu kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kuyaita yangu. Fumua.

Tukafumua siku mbili. Mvua inapiga mabati, mimi nimekaa chini navuta uzi, yeye amelala anauviringisha donge kifuani. Sweta la miezi linafumuka kwa muda wa kuchemsha chai. Nilivuta nikilia na yeye alikuwa anasikia, hakusema nyamaza.

Siku ya pili, tukiwa kwenye sweta la mwisho, nikaona liwalo na liwe. Nikamwambia, "Mama, kuna jingine. Siku ile ya simu."

Mikono yake ikasimama.

"Nolasko aliniambia anaumwa. Mimi ndiye nilimwambia amalize kupakia."

Nikadhani hajasikia kwa sababu ya mvua.

"Nilikuwepo," akasema. "Nilikuwa nakunywa uji. Nikawaza, niseme? Nikawaza, huyu katoka bondeni, malaria anaijua kuliko mimi. Nikaendelea na uji." Akaanza tena kuviringisha. "Tulikuwa wawili, Mama Roza."

Hayo tu. Hatukukumbatiana wala nini. Lakini tangu siku ile, simu yangu ikilia hakunikwepa tena.

Ila la masweta hakunisamehe. Nasema ukweli niliouahidi. La mwanawe aligawana nami. La masweta alikataa. Alianza moja upya, amelala chali, anafuma kwa vidole tu, anahesabu kwa sauti ya chini kwa Kifipa. Nikisogea karibu alikuwa anaweka mkono juu ya uzi. Akawa ananiita Mama Roza, kama zamani.

Katikati ya mwezi wa kumi na mbili Gaudensia akatuma gari tukampeleka Mpui. Krismasi ikatukuta huko, mvua haikati, wajukuu wote tisa wamejaa ndani. Baada ya misa wakaja kusimama karibu na kitanda kama ilivyo desturi.

Kulikuwa na sweta moja.

Alilitoa chini ya mto. La Tina, kwa sababu Tina ndiye mdogo, sweta lake lilihitaji uzi kidogo na muda kidogo. Mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Matundu mawili tumboni. Kichwa kilipita kwa shida.

Wengine tukawapa soda na biskuti. Mjukuu mkubwa akamnong'oneza mwenzake, "Mwaka huu bibi kachoka." Bibi alisikia, maana macho ndiyo yaliyokwisha, masikio yalikuwa mazima. Akavuta shuka.

Roza, wangu mkubwa, yule aliyeitwa mwongo, alibaki mle ndani wenzake walipotoka. Nikiwa mlangoni nikamsikia bibi yake anamwambia, "Dirisha ulikuwa umeliona."

"Ndiyo, Bibi."

"Nisamehe."

Mama alifariki mwezi wa pili, siku chache baada ya Jumatano ya Majivu. Kifua. Mtu akilala sana mapafu yanajaa, ndivyo tulivyoelezwa. Tukamzika karibu na mwanawe.

Sasa nimefika kwenye sababu ya uzi huu.

Siku ya matanga wanawake tumekaa tunamenya viazi, Gaudensia akawaambia watu, "Mama angekubali kwenda kwenye macho, leo tungekuwa naye. Ukaidi ndio uliomuua." Watu wakaitikia, wakasema wazee ndivyo walivyo. Mimi nilikuwa na kisu mkononi. Nikaendelea kumenya.

Yaani baada ya yote yale, nilinyamaza tena.

Mama hakuwa mkaidi. Alifanya uamuzi kwa ushahidi aliokuwa nao mikononi, na ule ushahidi niliutengeneza mimi asubuhi baada ya asubuhi. Na jina la ukaidi amezikwa nalo. Wanae wanalitaja mpaka leo, hata juzi Gaudensia kalitaja kwenye simu.

Nilichojifunza, wakuu, sina maneno makubwa. Mtu mzima ukimsaidia kwa siri kwenye kitu ambacho ni chake, umemchukulia. Ningemwambia siku ya kwanza, "Mama, hapa pana tundu, tushikane, wewe hesabu mimi niokote," pengine angenikasirikia mwezi mzima. Pengine angetupa spoku zote nje. Lakini mwezi wa tisa angekuwa anajua kwamba haoni, na angepanda lile gari. Mimi niliita hiyo huruma. Nikichunguza vizuri, nilikuwa nanunua kuitwa mwanangu.

Na watoto wetu wakisema kweli, jamani, tusiwaache wasimame peke yao.

Nimeshaamua. Jumamosi nakwenda Mpui kumwambia wifi yangu yote, kuanzia simu mpaka sweta la kijani. Inawezekana akanifukuza. Inawezekana watoto wangu wakakosa shangazi, na kwa upande wa baba ndiye waliyebaki naye karibu. Dada yangu wa Kaoze anasema niache, marehemu hafufuki, nitabomoa ukoo bure.

Nimeandika hapa kwanza ili mdomo uzoee.

Mliowahi kupeleka ukweli uliochelewa nyumbani kwa mtu, nisaidieni: unaanzia wapi? Unasalimia kwanza, unakaa, unapokea maji? Au unalisema ukiwa bado umesimama mlangoni? Nitasoma komenti zote, hata za matusi. Leo ni Alhamisi.